Elasticsearch na Amazon: alichogawa Shay Banon na alichobaki nacho

Tarehe 14 Januari 2021 kampuni ya Elastic ilitangaza kwamba injini yake ya utafutaji, Elasticsearch, haitatolewa tena kwa leseni ya Apache 2.0, ile inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha bure, kuanzia toleo la 7.11. Kwa asiyefuatilia mambo haya, hiyo ni habari ya kusoma na kupita. Kwa waliojenga mifumo yao juu ya programu hiyo, ilikuwa habari ya kukosesha usingizi. Wiki moja baadaye Amazon ikajibu: italichukua toleo la 7.10, la mwisho lenye leseni ya zamani, na kuliendeleza kivyake. Kufikia Aprili mwaka huohuo programu hiyo ya pili ilikuwa na jina lake, OpenSearch, na Julai likatoka toleo lake la kwanza.

Kisa hiki hakikosi kutajwa kila inapozuka hoja ya kama mwanaprogramu agawe kazi yake bure au aifungie ndani. Wa upande wa kufungia husema: si mnaona, mtu katoka jasho, tajiri kaja kalibeba jasho lenyewe na ndoo yake. Wa upande wa kugawa nao husema: si mnaona, mtu kavunja ahadi, kapoteza watu, na baada ya miaka mitatu karudi mwenyewe. Wote wana sehemu ya ukweli. Ila katika mabishano hayo sijasikia sana watu wakiuliza swali la mhasibu: Shay Banon, aliyeiandika Elasticsearch, aligawa nini hasa, na alibaki na nini mkononi? Mpaka hesabu hiyo ifanywe, hoja ya kugawa au kutogawa inazunguka palepale.

Tuanze na alichopokea, maana hesabu nyingi husahau mstari huo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Shay Banon, mwanaprogramu kutoka Israeli, alikuwa London akimfuata mkewe aliyekwenda kusoma upishi katika chuo cha Le Cordon Bleu. Hakuwa na kazi. Akaona amtengenezee mkewe programu ya kutafuta mapishi, na alipotazama vifaa vya kufanyia hivyo akakutana na Lucene. Lucene iliandikwa na Mmarekani Doug Cutting mwaka 1999, na mwaka 2001 ikaingia chini ya Apache Software Foundation. Ilikuwa bure, kwa leseni ya Apache, na ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi ngumu kuliko zote: kujenga faharasa. Badala ya kusoma hati moja baada ya nyingine kila mtu anapouliza, Lucene huorodhesha kila neno pamoja na hati zote lilimo, kama faharasa ya mwisho wa kitabu, ila hii ni ya mamilioni ya kurasa na hujibu kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe.

Banon alianza kwa kuirahisishia Lucene matumizi. Mwaka 2004 akatoa Compass, programu ya kuizunguka. Baadaye akaona hiyo haitoshi, akaandika upya. Kitu kipya kilikata faharasa vipandevipande, kikavisambaza vipande hivyo kwenye seva nyingi, kikaweka nakala za akiba ili seva moja ikifa data isife nayo, na kikamwezesha mtu yeyote kuuliza kwa HTTP, njia ileile ya tovuti, na kujibiwa kwa JSON, maandishi ambayo lugha yoyote ya programu huyasoma, awe anaandika Java, Python au PHP. Hiyo ndiyo Elasticsearch, iliyotoka Februari 2010. Mke wake, kwa simulizi ya Banon mwenyewe, bado anaisubiri ile programu ya mapishi.

Kwa hiyo huyu mtu hakutoa kazi yake kutoka patupu. Juu ya zawadi ya Cutting na wenzake aliongeza yake, na ndani ya kila seva ya Elasticsearch Lucene ndiyo iliyokuwa ikihema. Hilo halipunguzi akili ya alichoongeza. Lakini anayesema "Amazon ilichukua kazi ya mtu bila kulipa" na asitaje Lucene, anasimulia nusu ya hadithi.

Leseni ya Apache 2.0 si ndefu, na inafaa kuisoma yote walau mara moja. Inakuruhusu kuutumia msimbo, kuubadilisha, kuugawa, kuuuza na hata kuufungia ndani ya bidhaa yako usiyoonyesha mtu. Hudaiwi senti wala hudaiwi kurudisha mabadiliko yako. Unachotakiwa ni kubakiza taarifa za hakimiliki na kusema ulipobadilisha. Halafu kuna kifungu cha 6, ambacho wengi hukipita kwa sababu ni kifupi: leseni haitoi ruhusa ya kutumia majina na alama za biashara za mtoaji. Hapo ndipo ulipo mzizi wa ugomvi wote. Banon aligawa msimbo. Jina hakuligawa. Mpishi anaweza kubandika ukutani namna anavyopika pilau yake, na kila apitaye akainakili na kwenda kuipika kwake, lakini ruhusa hiyo haimfikishi mtu kwenye kuandika jina la mgahawa wa mwenzake juu ya mlango wake.

Na Banon alijua thamani ya jina. Alieleza baadaye kwamba mwaka 2011 alichukua mkopo binafsi ili kulisajili jina Elasticsearch kama alama ya biashara. Kampuni haikuwapo bado. Ilikuja 2012, Amsterdam, yeye na wenzake Steven Schuurman, Uri Boness na Simon Willnauer. Kwangu hiki ndicho kitendo cha busara kuliko vyote katika kisa hiki. Katika mabishano yote ya leseni nani anakitaja? Karibu hakuna.

Kugawa bure kulimlipa, na kulimlipa vizuri. Mhandisi aliyekuwa na tatizo la utafutaji Jumatatu asubuhi alipakua Elasticsearch, na kufikia jioni kitu kilikuwa kinafanya kazi, bila kuomba bajeti kwa bosi, bila kupigiwa simu na muuzaji. GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, waliitumia. Wikipedia waliiweka nyuma ya kisanduku chao cha kutafutia mwaka 2014, kwa hiyo aliyetafuta neno katika Wikipedia ya Kiswahili miaka ile alikuwa akitumia kazi ya Banon bila kumjua. Logstash ya Jordan Sissel, ya kukusanya kumbukumbu za seva, na Kibana ya Rashid Khan, ya kuzionyesha kwa michoro, zikaingia nyumbani mwa Elastic mwaka 2013, na zile tatu pamoja zikawa chombo ambacho mafundi wa seva walikimbilia kila walipotaka kusoma kumbukumbu za mifumo yao. Oktoba 2018 kampuni ikaingia soko la hisa la New York. Hisa iliyopangwa kuuzwa dola 36 ilifunga siku ya kwanza kwa dola 70.

Hakuna njia nyingine ambayo ingemfikisha pale mwanaprogramu asiye na kazi, asiye na jina na asiye na mtaji wa matangazo. Angeuza leseni kwa dola mia tano mwaka 2010, nani angeinunua? Soko lilikuwa na Solr, nayo ya bure, nayo imejengwa juu ya Lucene ileile.

Sasa tuje kwa Amazon. Oktoba 2015 kitengo chake cha wingu, AWS, kinachokodisha kompyuta kupitia mtandao, kilianza kukodisha huduma ya Elasticsearch: unabonyeza vitufe, seva zinawaka, bili inakuja mwisho wa mwezi. Msimbo wenyewe, ruhusa ipo, hakuna wa kusema neno. Huduma hiyo wakaiita Amazon Elasticsearch Service. Ofisa mkuu wa teknolojia wa Amazon akatangaza Twitter kwamba huo ni ushirikiano mkubwa kati ya Elastic na AWS. Banon anasema ushirikiano wenyewe haukuwapo. Mteja anayesoma tangazo lile atajuaje? Ataona jina, ataona neno ushirikiano, atadhani akilipa kule senti kadhaa zinafika kwa waliotengeneza.

Elastic ilikaa miaka minne kabla ya kwenda mahakamani kuhusu jina. Kesi ilifunguliwa California Septemba 2019. Katikati ya miaka hiyo minne ndipo walipofanya mambo mawili ambayo kwa maoni yangu yaliwaumiza kuliko Amazon ilivyowaumiza.

La kwanza ni la Februari 2018. Elastic ilikuwa na viongezo vya kulipia vilivyoitwa X-Pack: ulinzi, arifa, ripoti na kadhalika. Wakaamua kuufungua msimbo wa X-Pack usomeke na kila mtu, lakini kwa leseni yao wenyewe yenye masharti, si ya Apache. Msimbo huo ukakaa katika hazina ileile na ule wa bure, folda kwa folda. Mtu anayepakua kwa haraka hajui kipande kipi ni huria na kipi si huria. Mwaka uliofuata, Machi 2019, AWS wakaitumia hoja hiyohiyo kutoa toleo lao, Open Distro for Elasticsearch, wakisema wanalinda uhuria wa programu. Tajiri aliyelaumiwa kwa kubeba akapata nafasi ya kusimama jukwaani kama mlinzi wa maskini. Nafasi hiyo aliitengenezewa.

La pili limo ndani ya tangazo lilelile la 2018. Wakieleza kwamba leseni ya Apache ya Elasticsearch, Kibana, Logstash na Beats (programu zao ndogo za kutuma data) haikuguswa, wakaongeza kwamba haitaguswa kamwe. Hakuna aliyewalazimisha. Leseni haidai ahadi ya kesho. Inahusu msimbo ulioko mkononi leo. Wangeweza kunyamaza. Lakini waliandika "kamwe", na watu wakaitegemea "kamwe" hiyo kuchagua watajenga juu ya nini. Ahadi ni deni, na hili lilidumu miaka mitatu kasoro mwezi.

Januari 2021, basi, Elasticsearch na Kibana zikahamishiwa kwenye leseni mbili za kuchagua: Elastic License yao wenyewe, au Server Side Public License, iliyoandikwa na kampuni ya hifadhidata ya MongoDB mwaka 2018. Hii ya pili kwa macho inafanana na leseni huria, ila kifungu chake cha 13 kinasema ukiikodisha programu kama huduma lazima ufungue msimbo wa kila kitu kinachoendesha huduma hiyo: kiolesura, usimamizi, ufuatiliaji, hifadhi rudufu, vyote. Hakuna kampuni ya wingu inayoweza kutimiza hilo, na ndilo lililokuwa kusudio. Open Source Initiative, chombo kinachotunza maana ya programu huria, kikatoa tamko ndani ya siku chache: hiyo si leseni huria. Siku chache baada ya tangazo, Banon akaandika waraka wenye hasira uliosema tabia ya Amazon haikubaliki, akataja jina, akataja ule ujumbe wa Twitter, akataja mkopo wake.

Waraka ule unagusa. Ila usome pamoja na vitabu vya hesabu vya kampuni. Mwaka wa fedha ulioishia Aprili 2018 mapato ya Elastic yalikuwa karibu dola milioni 160. Ulioishia Aprili 2020, karibu milioni 428. Ulioishia Aprili 2021, huo wa kubadilisha leseni, zaidi ya milioni 608. Na AWS ilikuwa ikikodisha huduma ile muda wote huo. Kweli, kampuni ilikuwa bado inapata hasara, kwa sababu ilitumia zaidi ya ilichoingiza, jambo ambalo kampuni nyingi za aina hiyo hulifanya kwa makusudi. Na kweli, hatujui yangekuwa kiasi gani bila Amazon. Lakini picha ya mtu aliyebebewa kila kitu haitoki humo. Linalotoka ni kwamba wawekezaji walitaka soko lote, na leseni ya Apache haijawahi kumwahidi mtu soko lote.

Kuna watu ambao hawakuwa Amazon wala Elastic, na ndio ninaowafikiria zaidi, kwa sababu wasomaji wengi wa kisa hiki wako upande wao. Ni waliotuma marekebisho yao: aliyeona hitilafu kazini akairekebisha na kuirudisha, aliyeongeza uchambuzi wa lugha yake, aliyesahihisha mwongozo. Kila mmoja wao, kabla mchango wake haujapokelewa, alitakiwa kusaini mkataba wa mchangiaji. Unafungua ombi la kuingiza msimbo, roboti inakagua kama umesaini, hujasaini inakusimamisha hapohapo. Wengi husaini kama tunavyobonyeza "nakubali" kwenye simu. Maana ya mkataba ule ni kwamba unaipa kampuni ruhusa ya kuutoa mchango wako kwa leseni nyingine itakayopenda. Kwa hiyo alfajiri ya mabadiliko, michango yao iliingia ndani ya bidhaa yenye masharti bila wao kuulizwa, na kisheria hakukuwa na kosa.

Nikitenda haki, hata bila mkataba ule leseni ya Apache yenyewe ingeiruhusu Elastic kuweka toleo jipya chini ya masharti mapya, mradi taarifa za hakimiliki zibaki. Ndiyo asili ya leseni legevu: inamlegezea kila mtu, mwenye nyumba akiwemo. Na matoleo ya zamani yalibaki huria kama yalivyokuwa, ndiyo maana OpenSearch iliwezekana. Lakini kuna tofauti kati ya kutoa kwa umma na kutoa kwa kampuni ambayo kwa sasa inagawia umma. Wachangiaji wengi walidhani wanafanya la kwanza. OpenSearch, ilipoanza, haikuweka mkataba wa aina hiyo. Mchangiaji anathibitisha tu kwa mstari mmoja kwamba kazi ni yake na ana haki ya kuitoa.

Waliofuata kuumia ni watumiaji wa kawaida. Agosti 2021 Elastic ilitoa toleo la 7.14 la maktaba zake rasmi, zile ambazo programu yako huzitumia kuongea na seva. Ndani yake kuliongezwa ukaguzi: maktaba inaiuliza seva ijitambulishe kwanza, ikigundua si Elasticsearch halisi inakataa kazi na kurusha kosa la bidhaa isiyotambulika. Hebu fikiria fundi katika kampuni ndogo iliyokuwa imekodi huduma ya Amazon tangu zamani. Hajabadilisha chochote katika msimbo wake. Amesasisha maktaba tu, kama tunavyofundishwa kusasisha, na ukurasa wa kutafutia umekufa. Anasoma kosa, anaona seva imeambiwa si yenyewe. Maktaba zilikuwa bado na leseni ya Apache, kwa hiyo AWS wakanakili na hizo pia, wakaondoa ukaguzi, wakaendelea. Fundi wetu akabaki kuandika upya sehemu za mfumo kwa ugomvi usiomhusu.

Je, Elastic ilipata ilichokitaka? Kwa sehemu, ndiyo. Septemba 2021 huduma ya Amazon ilibadilishwa jina ikawa Amazon OpenSearch Service. Februari 2022 kesi ya alama ya biashara ikamalizwa kwa maelewano, na tangu hapo anayetaka Elasticsearch kwa jina hilo ndani ya AWS anaipata kwa Elastic wenyewe. Mkanganyiko wa wateja ukaisha. Tazama lakini ni kipi kilichorudi: jina. Lile lile ambalo halikugawiwa tangu awali, lililokuwa na kifungu cha 6 cha kulilinda, hati ya usajili, na mkopo uliochukuliwa kwa ajili yake. Msimbo haukurudi na usingeweza kurudi. Ulizaa mpinzani mwenye timu yake, ambaye Septemba 2024 alikabidhiwa kwa wakfu wake chini ya Linux Foundation.

Na tarehe 29 Agosti 2024 Banon, ambaye wakati huo alikuwa ameshaacha ukurugenzi mkuu na kubaki ofisa mkuu wa teknolojia, akatangaza kwa furaha isiyofichika kwamba Elasticsearch ni huria tena. Leseni huria ya AGPL iliongezwa kama chaguo la tatu kando ya zile mbili. Sababu alizotoa: Amazon imeshazama katika programu yake, mkanganyiko umekwisha, na uhusiano na AWS ni mzuri kuliko wakati wowote. Waliokwishahama hawakurudi kwa wingi wa kusikika. Ukimhamisha mtu mara moja kwa lazima, mara ya pili anahama kwa hiari yake tu.

Wapo wanaosema kosa lilikuwa la mwanzo kabisa: angechagua AGPL mwaka 2010, yote haya yasingetokea. AGPL inamtaka anayeendesha programu iliyobadilishwa kupitia mtandao awaonyeshe watumiaji msimbo wake. Sina hakika na hoja hiyo, na sababu yangu ni MongoDB. Wao walianza na AGPL, wakakua, wakaingia soko la hisa 2017. Amazon haikugusa msimbo wao. Januari 2019 ikatoa DocumentDB, huduma iliyoandikwa kivyake lakini inayoitika amri zilezile za MongoDB, kiasi kwamba programu ya mteja inahama na marekebisho kidogo. Leseni inazuia kunakiliwa. Kushindana haizuii. Na Elasticsearch yenye AGPL mwaka 2010 ingekutana na wanasheria wa kampuni kubwa ambao mpaka leo wakiona herufi hizo nne wanasema hapana. Google imeipiga marufuku ndani ya kuta zake.

Hukumu yangu, kwa anayeitaka: kugawa kulikuwa sahihi, Apache ilikuwa chaguo sahihi kwa mtu mwenye hali ya Banon mwaka 2010, kosa lilikuwa kuchelewa miaka minne kulidai jina na kuandika "kamwe" kwenye jambo lililokuwa mikononi mwa wawekezaji. Kesi ya jina pekee, ikifunguliwa 2015, nadhani ingetosha. Ingekwenda polepole, ingekula pesa za mawakili, lakini isingemgusa fundi hata mmoja. Redis, watengenezaji wa programu nyingine ya kuhifadhi data, nao walipita njia hiyohiyo, wakabadilisha leseni Machi 2024, watu wakaondoka na nakala wakaiita Valkey, na Mei 2025 Redis wakaongeza AGPL. Kana kwamba hawakuwa na jirani wa kumtazama.

Kwa mwanaprogramu wa Nairobi au Dar es Salaam, swali hili haliji likiwa na sura ya Amazon. Huja na sura mbili ambazo si sawa. Ya kwanza ni maktaba ndogo: umechoka kuandika upya mawasiliano na malipo ya M-Pesa kila mradi, umeyafunga pamoja yakawa kitu cha kutumiwa na mwingine. GitHub imejaa maktaba za aina hiyo. Gawa kwa leseni legevu na usihesabu. Hakuna atakayetajirika kwa kuikodisha, ila mwajiri atakayeisoma atajua unachoweza kuliko barua ya maombi itakavyomwambia. Ya pili ni mfumo mzima: wa shule, wa duka la dawa, wa SACCOS. Huo mtu anaweza kuuchukua, kubadilisha rangi, na kuuza mtaa wa pili kwa bei pungufu, na chini ya leseni legevu hajakukosea kitu. Hapo AGPL ina maana, kwa sababu mnunuzi wake anaweza kudai msimbo, nawe ukauona.

Vyovyote utakavyochagua, jina ni safari nyingine, na inaanzia kwa msajili badala ya GitHub. Tanzania Bara alama ya biashara husajiliwa BRELA. Kenya ni KIPI. Na kama wateja wako wanavuka bahari, usajili wa BRELA haufiki Zanzibar. Kule kuna sajili yake, BPRA, yenye fomu zake na ada zake.